Kaka wa Kariakoo, asante sana

Kaka yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Ulinikuta dukani Mtaa wa Aggrey nataka kununua swichi mpya ya mtandao, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta za ofisi, maana barua pepe za ofisini zilikuwa zimegoma siku ya tatu. Seva, ile kompyuta inayopokea na kutuma barua zetu, ilijitumia barua bila shida. Kompyuta nyingine zote zikaambiwa muunganisho umekataliwa.

Ukaniambia niirudishe swichi kwenye rafu. Ukanieleza, bila haraka na bila kunidharau, kwamba kukataliwa si sawa na kusubiri jibu lisilokuja. Ukikataliwa, mara nyingi ombi limeifikia mashine, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti ile, yaani mlango wenye namba ambao programu hupokelea maombi. Kwa hiyo waya ni mzima. Ukaniandikia kwenye kipande cha boksi amri ya kuonyesha poti zinazosikilizwa: ss -ltn.

Ofisini nikaona poti ya 25, ile ya barua pepe, inasikiliza anwani ya 127.0.0.1 peke yake, yaani seva inajisikiliza yenyewe tu. Nikabadilisha mstari mmoja wa Postfix, programu ya barua pepe ya seva, ule wa inet_interfaces unaosema isikilize anwani zipi, nikaiwasha upya. Barua zikamiminika, mama wa uhasibu akapiga vigelegele!

Uliniokolea fedha, na kazi yangu pia. Mungu akuzidishie, kaka. Kile kipande cha boksi nimekibandika ukutani, juu ya seva.