Babu, huku Vienna nimekunywa ndugu yake ulanzi, pombe yetu ya mwanzi

Babu shikamoo, kamwene. Huyo mdogo wangu anayekusomea asome taratibu na asiruke mstari, namjua. Mimi mzima kabisa, baridi ndo inaanza anza ila bado haijafikia ile ya Mufindi mwezi wa saba.

Sasa jumamosi tulitoka watu wanne, mimi, yule jamaa wa Makete niliyekwambia, dada mmoja wa Kihabeshi na Mwaustria ninayefanya nae kazi, tukapanda tramu namba 38 mpaka mwisho wa njia panaitwa Grinzing. Babu huu ni mji mkuu wa nchi lakini una mashamba ya mizabibu humo humo ndani, zaidi ya hekta 500, unashuka kwenye tramu unapandisha kidogo tu uko katikati ya mizabibu. Wakulima wana vilabu vyao wanaita Heuriger, mtu anauza divai ya shamba lake mwenyewe, mnakaa uani kwenye mabenchi, na ukiona kafunga matawi ya msonobari juu ya mlango ujue leo yupo wazi. Wanasema walipewa ruhusa hiyo na mfalme wao Joseph II mwaka 1784, na hawajaiachia mpaka leo.

Tulianza na divai nyeupe moja nzuri sana, inatoka shamba moja lenye zabibu za aina nyingi zilizochanganywa, zinavunwa pamoja zinakamuliwa pamoja, kama nyie mnavyochanganya mahindi na maharage. Nikawaambia Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, Mwaustria akashika kichwa, wao ni mara moja tu.

Halafu ikaja Sturm. Hapa ndo nilikukumbuka babu mpaka nikanyamaza. Ni juisi ya zabibu iliyoanza kuchacha ila haijawa divai bado, ina ukungu, ina povu, tamu halafu inauma ulimi kwa mbali, na ipo msimu huu tu wa mavuno, ukiisha basi. Na chupa hawaikazi mfuniko! Ukiikaza gesi inaipasua. Nikakumbuka ile siku narudi shule na dumu la ulanzi wa shangazi, ukanifata mpaka kwenye basi kunilegezea mfuniko ukisema unapumua huu, usiubane. Jamaa wa Makete alivyoonja tu akasema huu ni mtogwa, na kweli, mtogwa mtupu, ule wa asubuhi kabla haujawa mkangafu, ule mkali. Tukakaa mpaka usiku tunawaeleza wenzetu jinsi mnavyokata ncha ya mwanzi mchanga, mnatega mbeta ya kukingia, asubuhi na jioni mnarudi kugema, hakuna hamira wala nini, unachacha wenyewe. Yule dada alikuwa anauliza maswali hatari. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila wewe nimekusifia pale na najua hujawahi kutia hata tone.

Ndo maana nimeandika barua na sijapiga simu. Nasikia baba mdogo anataka kung'oa mianzi yote ya bondeni apande parachichi. Baba mdogo shikamoo, parachichi lina hela sikatai, lipande kule juu palipokuwa na mahindi na mimi nitachangia miche. Lakini mianzi ya babu naomba sana ibaki. Hawa watu huku kiwanja mjini ni pesa nyingi mno na bado mzabibu haung'olewi, mtu anapanda tramu na familia yake kwenda kunywa kitu cha miezi michache tu kwa furaha yote ile, na sisi cha kwetu tunakionea aibu kwa nini?

Nimepata likizo mwezi wa pili. Mvua zitakuwa zimekolea na milanzi inatoa vizuri. Mwaustria kasema anakuja na mimi, kwa hiyo babu naomba uchonge mbeta moja mpya, na asubuhi ya kwanza utuamshe twende wote bondeni.

Mjukuu wako.