Mama Baraka, bei ile isiwatishe

Septemba 2025

Mpenzi Mama Baraka,

Salaam nyingi sana, na poleni na pilika za shule kufunguliwa. Huku hatujambo. Baba Rehema goti bado linamsumbua lakini kazini anakwenda, na Bibi anakusalimu, kila siku anauliza kama Baraka ameshaota ndevu. Tangu harusi ya kwa Mama Zuhura hatujaandikiana, nikawa nimepanga kukupigia Jumapili tuongee kwa nafasi. Ila ujumbe wako wa juzi usiku hauwezi kungoja Jumapili.

Unasema Baraka alikaa na orodha yake ya vyuo, akafungua tovuti moja baada ya nyingine, akaona ada, akavifuta vyote. Kimebaki kile cha hapo karibu tu. Na wewe ukamalizia, "Bora hivyo, tusije tukaadhirika." Dada, hapana. Yule ni mtoto aliyekuwa akisoma kemia mezani kwangu wenzake wakicheza nje. Leo ajikatie njia kwa sababu ya tarakimu ambayo pengine wala hamtaombwa kuilipa?

Sikiliza. Rehema alipokuwa akiomba vyuo mwaka jana ndipo nilipoelewa bei za vyuo vya Marekani zinavyokwenda. Ile ada iliyoandikwa kwenye tovuti hulipwa nzima na wenye kipato kikubwa. Familia kama zetu hupunguziwa kulingana na kipato, na kuna vyuo vya binafsi vyenye ada ya kutisha ambavyo mwishowe vinawaangukia watu rahisi kuliko chuo cha jimbo. Harvard na MIT, kuanzia mwaka huu wa masomo, familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka na mali ya kawaida haitarajiwi kulipa kitu: si masomo, si chumba, si chakula. Sisemi Baraka ategemee hapo, kule wanachukua chini ya watoto 5 kati ya kila waombaji 100, na wengi wanaokataliwa ni wazuri mno. Nataka uone tu kwamba bei kubwa na gharama kubwa ni mambo mawili tofauti.

Tena huna haja ya kuniamini mimi. Tangu 2011 sheria inakitaka kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu za wanafunzi kiweke kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Mnaingiza kipato, idadi ya watu nyumbani, akiba kama ipo, kinawapa makisio ya mtakacholipa baada ya misaada. Kaeni mezani nyote watatu, wewe, shemeji na Baraka, mfanye hivyo kwa kila chuo alichokifuta. Kila kimoja! Halafu ndipo afute.

Sasa fedha zenyewe. Fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu, inafunguliwa kufika tarehe 1 Oktoba, na ni bure. Yule jamaa anayewaambia kina Mama Zuhura atawajazia kwa malipo, mwepukeni. Baraka anafungua akaunti yake, na mzazi anafungua yake. Si lazima uwe raia, wenye green card, kibali cha ukaazi wa kudumu, wanaruhusiwa, na waliopokelewa kama wakimbizi pia. Hapo ndipo inapotoka Pell Grant, fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ambazo hazirudishwi. Kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395. Kuna majimbo na vyuo vinavyogawa fedha mpaka zinakwisha, kwa hiyo anayejaza Oktoba na anayejaza Machi hawapati sawa. Baadhi ya vyuo vya binafsi vinataka na fomu nyingine ya kuombea misaada yao wenyewe, CSS Profile. Ile ina malipo, lakini familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 haitozwi.

Hapa nataka usome taratibu, ikiwezekana umsomee na shemeji. Fomu ya mwaka huu inaangalia kodi za 2024. Shemeji alipunguziwa saa kazini baada ya hapo, sivyo? Maana yake fomu itawaona mna kipato cha zamani, na msaada utakokotolewa kwa fedha ambazo hazipo tena. Watu wengi wanaona ule mgawo mdogo wanainua mikono. Msiinue! Jazeni fomu vilevile kwa ukweli wa 2024, kisha mwandikieni ofisi ya misaada ya fedha ya kila chuo: kipato kimebadilika, hizi hapa hati za mshahara za sasa, hii barua ya mwajiri, tunaomba mtuangalie upya. Sheria inawapa maofisa wale uwezo wa kurekebisha hesabu. Hawalazimiki kukubali, ila kuomba si kuomba sadaka, ni utaratibu uliowekwa kwa ajili ya watu yaliyowafika kama yenu. Shemeji najua atasema hataki mambo yake yasomwe na watu asiowajua. Mwambie Baba Rehema alisema hivyohivyo, tena kwa sauti, mpaka Bibi akatoka chumbani. Akazitoa karatasi.

Jambo jingine, kabla sijasahau: yule mwalimu wake wa hesabu anamsukuma aombe kwa mkondo wa mapema, ule wa kujifunga, wenye tarehe ya mwisho 1 au 15 Novemba. Mwalimu ana nia njema na nafasi kweli huwa nzuri zaidi kwenye vyuo vingi. Lakini ukikubaliwa umefungwa, unaondoa maombi mengine yote. Unaweza kujitoa ikiwa msaada wa fedha hautoshi, lakini hutakuwa na barua za vyuo vingine mkononi za kulinganisha. Kwa familia inayohesabu kila dola mimi ningechagua mkondo wa mapema usiofunga pale unapopatikana, na kwingine maombi ya kawaida ya Januari. Majibu yakija, mna mpaka tarehe 1 Mei kuamua, na barua mnazipanga mezani. Halafu uwe mkali na barua hizo: zawadi isiyorudishwa, mkopo na kazi ya chuoni vinaandikwa pamoja kwa jumla moja inayopendeza macho. Chukua kalamu nyekundu, kata mikopo kwanza, ndipo uone chuo kimekupa nini.

Fomu ya Common App, ile moja ya kuombea vyuo vingi, ilifunguliwa tarehe 1 Agosti, kwa hiyo aanze sasa. Kuna sehemu ya shughuli, nafasi 10, na Rehema aliniambia Baraka amemwandikia kwamba hana cha kuweka kwa kuwa hayumo kwenye timu wala klabu. Hana? Nani anawachukua wadogo zake shuleni kila siku? Nani anakaa nawe hospitali akikutafsiria maneno ya daktari? Nani anafanya kazi lile duka Jumamosi? Fomu ile ina kipengele cha majukumu ya familia na kipengele cha kazi ya malipo, vimewekwa vikiwa na maana. Aandike saa kwa wiki, wiki kwa mwaka. Wanaosoma maombi wanataka kujua mtoto ametumiaje muda aliokuwa nao.

Insha ni maneno 650 mwisho. Usimlazimishe aandike habari za kambi ya wakimbizi, Mama Baraka. Najua jirani yenu kasema hizo ndizo zinazowaliza watu. Akitaka mwenyewe, sawa, ni maisha yake. Lakini akiwa anataka kuandika kuhusu zile redio mbovu anazozifungua na kuzifunga, mwache aandike redio, kwa sababu hapo ndipo anaposikika yeye. Unakumbuka alivyomfungulia Bibi yake ile ya zamani, skrubu zikajaa kwenye bakuli la mchele? Mimi ningesoma insha hiyo mpaka mwisho.

Barua za walimu, vyuo vingi vinataka mbili, na ya mshauri wa shule. Aziombe wiki hii. Ana kwa ana, kwa adabu, na awape karatasi fupi inayosema amefanya nini darasani kwao. Mshauri mmoja anabeba mamia ya wanafunzi, atamwandikiaje vizuri asiyemjua? Mitihani ya SAT, ile ya kuombea vyuo, aangalie kila chuo kinasema nini. Tangu 2020 vingi vimeacha kuilazimisha, lakini vingine vimeirudisha. MIT iliirudisha 2022. Akistahili msamaha wa ada, SAT mbili ni bure, na msamaha huohuo unamwezesha kuomba vyuo vingi bila kulipia maombi. Amuulize mshauri hapohapo anapoomba barua.

Na kile chuo cha karibu, sikidharau hata kidogo. Mtoto wa Mama Zuhura ameanzia chuo cha jamii cha miaka miwili, akahamia chuo kikuu cha jimbo, na sasa yuko vizuri kabisa. Kibaki kwenye orodha, tena kwa heshima. Ninachokataa ni kibaki peke yake kwa sababu ya hofu. Baraka akikichagua mwezi wa Aprili, barua zote ziko mezani, amezisoma, amekokotoa, nitashangilia kuliko wewe. Kukichagua Septemba kwa kutazama bei ya tovuti, hapo sitanyamaza hata mkinichoka.

Sasa nijibu, tena yote. Orodha aliyoifuta ilikuwa na vyuo gani, na bado anayo? Shemeji saa zake zilipunguzwa mwezi gani hasa, na barua ya mwajiri anaweza kuipata? Kodi za 2024 mlijaza pamoja au kila mtu yake? Baraka ana mwalimu gani mwingine anayemjua vizuri zaidi ya yule wa hesabu? Na yeye mwenyewe anasemaje usiku mkizungumza, anataka nini ukimwondolea habari za pesa? Hilo la mwisho muulize ukiwa naye peke yako, usimuulize mbele ya baba yake.

Rehema yuko huru Jumamosi jioni, amesema atakaa naye kwa video wajaze FAFSA pamoja mara ikifunguliwa. Niambie saa gani inawafaa, kwa sababu shemeji lazima awepo na karatasi zake.

Nisalimie watoto wote, na mpe pole shemeji.

Wako,
Mama Rehema