Barua ya wazi: Mheshimiwa, mama hatafika kwenye semina

Mheshimiwa, shikamoo.

Nimeanza na salamu kwa sababu mama alikuwa akisema hata mtu unayemdai umwamkie kwanza. Jina lako na cheo chako sivitaji. Unajijua, ulikaa meza kuu.

Jumanne simu ya mama iliita. Nimeiacha hewani kwa ajili ya wagonjwa wake. Kijana wa ofisini kwako, mpole kabisa, akamwomba "mama yetu" ashuke Moshi mjini kwenye semina ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na arudishe begi la kazi. Nikamwambia tulishamzika, wiki ya sita sasa, yuko kihambani, shamba letu la migomba, penye mimea ya masale. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na begi?"

Begi lipo, Mheshimiwa. Zipu ilikufa zamani, mama akaishona kwa uzi wa gunia. Ndani mna makopo matatu ya makohozi, kalamu isiyo na kifuniko na daftari. Koti la mvua ulilomwahidi halimo. Gambuti hazimo. Posho ya miezi kumi na minne nayo haimo, nimekung'uta vizuri. Labda iliishia kwenye mafuta ya magari, labda haikutengwa kabisa. Mimi nauza ndizi Kiboriloni, mahesabu ya wakubwa nitayajulia wapi?

Kazi hii aliianza baada ya baba kurudi kutoka machimbo ya Mirerani anakohoa damu. Watu wakasema karogwa. Mama akampeleka kupimwa: kifua kikuu, na mapafu yameshaharibiwa na vumbi la mawe. Baba alikuwa amechelewa. Tangu hapo mama akisikia mtu anakohoa wiki ya pili, haondoki mlangoni mpaka apewe makohozi. Walimwita Mama Kikohozi, wengine kwa kejeli. Masika udongo wa huku unateleza kama mlenda, naye anashuka zahanati kalikumbatia kopo la mtu. Dozi ni miezi 6, na wengi hupata nafuu mwezi wa pili, ndipo wanapoacha. Hao aliwajua. Yupo mmoja aliyekuwa akimpelekea uji, ameze vidonge mbele yake.

Januari 2024 serikali ilipozindua mpango wa kupata wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima, mama aliongeza sauti ya redio. "Sasa tumekumbukwa," akasema. Sikumjibu.

Sasa wagonjwa wake wanagonga kwangu. Daftari lina watu tisa walio katikati ya dozi. Juzi jioni kijana mmoja kaniuliza kama bado kuna haja ya vidonge, maana mwili umerudi na tumbo linamsumbua. Nikamwambia aendelee na arudi zahanati, nadhani ndivyo mama angesema. Sikulala. Dawa ikikatwa njiani ugonjwa unaweza kuwa sugu, na mimi si mhudumu, Mheshimiwa, mimi ni wa ndizi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kudai posho. Nilitaka pia uje na isale mkononi uombe radhi, kama desturi ya huku kwetu. Basi, hayo yaache. Tuma mhudumu aje achukue daftari. Ni watu tisa. Nimelifungia kwenye sanduku la mama, majina hayajaonwa na mtu. Namba kijana wako anayo, na simu sijaizima.