Hotpoti lako linarudi

Kirumba, Mwanza
Jumapili, 11 Januari 2026

Shoga yangu Mama Kulwa,

Mwangaluka! Mfikishie bibi shikamoo yangu kama bado yuko hapo kwenu, na hao pacha waambie mama yao mdogo hajawasahau. Sisi huku wazima. Baba Neema anakohoa kidogo tangu mvua za mwezi uliopita, ila kikohozi chake unakijua, huzidi siku ya kupandisha ndoo za maji.

Ulipopiga simu siku ya pili ya Krismasi ukaniuliza, "Shoga, umewezaje mwaka huu?" nikakujibu Mungu anasaidia. Alisaidia kweli, lakini lile lilikuwa jibu la mtu ambaye mumewe amekaa pembeni na wifi yake yuko jikoni. Leo wametoka wote. Nina kalamu na chai, acha nikueleze vizuri.

Mwezi wa kumi na moja upepo uling'oa bati mbili upande wa chumba cha watoto. Ukitoa mabati, ukitoa misumari, ukitoa ada niliyoifukia kwenye kopo la unga ili nisiione, nilibaki na shilingi 40,000 za sikukuu nzima. Na watu wa kuwapa chochote walikuwa wanne: jirani wa hapo chini aliyejifungua mwanzoni mwa Desemba, mama yangu anayekuja toka Sengerema, wifi, na yule fundi aliyepiga mabati usiku na tochi mdomoni, halafu akakataa hela ya ufundi.

Nikashuka mjini kama watu wote. Nikaikuta seti ya glasi sita ndani ya boksi, utepe mwekundu juu. Bei yake ilikuwa inameza karibu nusu ya hela yangu, na hapo ni mtu mmoja tu. Nimeishika ile boksi, nikakumbuka nina tatu za namna ileile juu ya kabati tangu sendofu yangu, mbili sijawahi kuzifungua. Nani alinipa? Sijui. Aliyenipa ungo namjua mpaka leo, kila nikipepeta mchele namtaja.

Nikarudi na daladala mikono mitupu, na nyumbani macho yakatua kwenye hotpoti lako. Unalikumbuka? Siku unahamia Dodoma, magodoro yameshapanda kwenye Fuso, ukanisukumia mkononi limejaa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, ukasema utalifuata. Miaka miwili sasa. Nisikufiche, nimekuwa nikiligeuza lisinitazame. Bibi yangu alitulea na neno hilo: chombo cha mtu hakirudi kitupu, ukikosa kabisa weka hata chumvi. Nikajiuliza, kwani mlima huu tunaishije siku zote? Si kwa bakuli kupanda na bakuli kushuka? Glasi za kwenye boksi hazina pa kurudi. Nikaamua mwaka huu kila mtu apate kitu kilicho ndani ya chombo, au kilichopita mikononi mwangu.

Nikaanza na dagaa. Tarehe 17 nikashuka soko la samaki la Mwaloni, maana lilikuwa giza la mwezi, na wewe mtoto wa ziwani sina haja ya kukueleza: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wanakaa nchi kavu wanashona nyavu, bei inapanda. Giza likiingia, usiku ukisimama hapa kwetu mlimani ziwa lote ni taa, utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri, lakini uzuri ni uleule. Basi nikachukua sado moja. Nilichagua wa chanja, walioanikwa juu ya vichanja, siyo wa mchangani. Wanazidiana bei kidogo, ila wa mchangani utawapepeta mpaka jioni na bado jino litakutana na changarawe.

Sasa sikiliza, maana hii ndiyo sehemu ninayotaka ujaribu huko. Nilikaa na watoto tukachambua vichwa na matumbo, kwa sababu uchungu wote uko humo. Kwa chakula cha nyumbani sifanyi hivyo, nawapika wazima, lakini hii ni zawadi. Nikawakaanga bila mafuta kwenye sufuria nzito, moto mdogo, nikiwageuza mpaka wanalia wakigusana. Nikawapitisha kwenye chekeche, vumbi likaanguka. Nikawaosha upesi kwa maji ya uvuguvugu mara mbili, nikawachanganya na ndimu, kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, chumvi na pilipili, nikawaanika juu ya jiwe. Hili jabali la nyuma ya nyumba ambalo Baba Neema kila mwaka anasema atalipasua, likipigwa na jua saa sita ni moto kuliko oveni ya mtu. Nilitandika chandarua kuukuu chini na kingine juu kwa ajili ya nzi, na Neema akapewa fimbo ya kunguru. Walipokauka tena ndipo nikawatia kwenye mafuta, kidogo kidogo, dakika mbili tatu tu. Ndimu inatangulia kabla ya kukausha, usije ukaiweka mwishoni. Ukiikamulia juu ya dagaa walioiva watakuwa watamu siku hiyo, lakini hawatakaa.

Chupa nilizipata kwa majirani, zile za siagi ya karanga na jamu, nikazichemsha na mifuniko yake, nikazikausha juani.

Na pamoja na akili zote hizo bado nikaharibu. Chupa ya kwanza niliifunga dagaa wakiwa bado na joto. Nilikuwa na haraka, wifi alikuwa anapita na nikataka aondoke nayo. Mvuke ukabaki ndani, ukageuka maji, na maji na dagaa unajua wanavyopatana. Siku ya nne ile chupa ikarudi kwa mkono wa mtoto wake, imeoshwa inang'aa, na ndani kuna chumvi. Chumvi tupu, imejaa nusu! Mpaka leo sijajua kama alikuwa anafuata mila au ananiambia kitu. Nimemuuliza Baba Neema, kasema dada yake hana maneno. Nikacheka peke yangu. Nilimpelekea nyingine, safari hii dagaa wamelala usiku mzima kwenye ungo wamepoa kabisa ndipo nikafunga, na hiyo hajairudisha. Nimepita kwao nimeiona mezani imefika robo.

Fundi naye nilimpa chupa mbili, maana ni mseja na nilijua ugali anaweza kuusonga ila mboga inamshinda. Hizo atazila hata kwa wiki tatu bila kuwasha jiko. Shoga, unajua kachukua chupa moja kairudisha na nini? Misumari ya bati. Ile iliyopinda upepo ulipong'oa paa, kumbe aliiokota uani, akainyoosha mmoja mmoja.

Kwa mzazi wa hapo chini sikutaka kupeleka chakula peke yake, kwa sababu siku za mwanzo kila mtu anapeleka supu, halafu mwezi ukiisha hakuna anayepeleka chochote. Nilimwendea fundi cherehani wa barabarani na chapati nne, akanipa mfuko mzima wa mabaki ya vitenge ambayo yeye huyafutia mashine. Nikakata kiolezo kwenye boksi la sabuni, sentimita 12 kila upande, nikatoa viraka 49, saba kwa saba. Kila mshono unakula sentimita moja moja, kwa hiyo blanketi linatoka kama sentimita 70 kwa 70, linamtosha mtoto mchanga kufunikwa na kutandikiwa mkekani. Chini niliweka shuka la pamba la mitumba kutoka soko la Mlango Mmoja, nilitafuta lililofuliwa mpaka likalainika, bei ya kutupa. Nimeshona kwa mkono jioni tisa, taa ikikatika naendelea kwa kupapasa, ndiyo maana kuna safu moja imekwenda upande kama njia ya kwenda kwa mganga.

Kosa langu sikuloweka vitambaa kabla ya kukata. Nilipolifua mara ya kwanza kitenge chekundu kikatoa rangi, vyote vyeupe vikawa waridi. Ukishona lako loweka kila rangi peke yake, badilisha maji mpaka yabaki meupe, ndipo ushike mkasi. Mtoto mwenyewe ni wa kiume na analalia waridi, hana habari. Mama yake alilifunua, akaanza kunyoosha kidole: hiki ni kitenge cha harusi ya nani, hiki ni sare ya kwaya, hiki si kile cha msiba wa mzee wa kona? Mtaa mzima uko pale.

Mama alifika tarehe 23. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni mwaka jana, safari yake imekuwa fupi mpaka imemnyang'anya hadithi. Zamani alikuwa anaingia na habari za kivuko: foleni, nani alikuwa anauza karanga, nani aligombana na nani ndani ya pantoni. Sasa kilomita tatu juu ya ziwa zinapita kabla hajamaliza kusali rozari, na ananikuta sijaosha vyombo. Kwake nilioka keki. Unajua sina oveni, nilitumia mchanga. Sufuria kubwa, mchanga mkavu uliochekechwa unene wa vidole viwili, funika upate moto robo saa. Ndani yake weka sufuria ndogo iliyopakwa mafuta: unga vikombe viwili, sukari kikombe kasoro, mayai matatu, mafuta nusu kikombe, maziwa ya kulainishia, beking pauda vijiko viwili vya chai, na ganda la limau lililokwanguliwa. Siri iko kwenye makaa. Mengi yakae juu ya mfuniko, chini yabaki machache tu, maana mchanga unatunza moto kuliko unavyodhani, na ukisahau utakula keki yenye soli. Baada ya dakika 45 hivi nikachoma kijiti, kikatoka kikavu.

Mama akala kipande, akafuta mdomo, akasema, "Mkate wenu mtamu, ila hauna chakula ndani." Halafu akafungua mfuko wake akatoa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Keki yote iliyobaki kaimaliza yeye usiku, nimeona makombo kitandani.

Siku yenyewe ya Krismasi hatukula kuku. Nilinunua vichwa viwili vikubwa vya sangara Mwaloni, nikavichemsha na nyanya, ndimu, kitunguu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, supu ikawa nzito mpaka kijiko kinasita. Pilau ikapikwa kwa ile supu. Watoto waligombea mashavu ya samaki. Baba Neema alikula macho, hilo nalo sitalielezea.

Sasa lako. Kesho alfajiri napeleka mzigo stendi ya Nyegezi, nitakutumia ujumbe wa jina la basi na namba ya kondakta. Ndani ya hotpoti chini kuna michembe ya mama. Iloweke, uichemshe na karanga za kutwanga. Juu yake kuna chupa mbili za dagaa, nimezifunga kwa viraka vilivyobaki, na ukivihesabu vinatosha kuanzia blanketi. Kama mfuniko wa chupa umekaza usiugonge na kisu kama kawaida yako, utumbukize kwenye maji ya moto kidogo.

Jambo moja niliseme mwenyewe kabla hujaliona. Kishikio cha mfuniko wa hotpoti kimevunjika. Sikuvunja mimi, lakini nyumba ni yangu. Nimekifunga kwa waya, na yule fundi akaning'iniza hapo msumari mmoja wa bati ulionyooshwa, anasema unashika vizuri kuliko kile cha kiwandani.

Nasikia mwezi wa pili zabibu zinakuwa zimeiva huko Dodoma. Mimi sijasema kitu.

Wabeja sana, shoga yangu.

Mama Neema