Kaka, kwa Mkwawa usiishie kwa Magufuli

Kaka salama lakini? Huku Iringa baridi ya mwezi wa saba imetubana kweli kweli, watoto wanaenda shule na majaketi mawili mawili, ila wote wazima na mahindi tumeshatoa shambani.

Meseji yako nimeiona, ile ya vijana wako wa fomu foo kukuuliza Mkwawa, shule ya hapa Iringa ambayo sasa ni chuo, imetoa watu gani wa maana, ukamtaja Magufuli halafu ukakwama. Magufuli ni sahihi kabisa, kapiga A-level pale akamaliza 1981, akaunganisha diploma ya ualimu wa kemia na hesabu palepale, akaenda kufundisha Sengerema, na hata uwaziri haukumtoa kwenye kemia maana PhD yake aliichukua Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2009. Na wasichana wako, japo huyu hakusoma Mkwawa, waambie habari za Dk Tulia Ackson, binti wa Mbeya hukohuko, sheria kaisoma Mlimani, PhD kachukua Cape Town, akawa mhadhiri kabla ya siasa, na Oktoba 2023 kule Luanda akachaguliwa rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika.

Ila kaka, wewe unafundisha fizikia bana! Wa kwanza kumtaja ilitakiwa awe Erasto Mpemba.

Mpemba kasoma Mkwawa enzi hizo bado ni sekondari, chuo hakuna. Kabla ya hapo alikuwa Magamba kule Tanga, na 1963 akiwa fomu thrii walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe ndo unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa inajaa, mwenzake akaweka ya kwake bila hata kuchemsha, Mpemba naye akaona atakosa nafasi akaingiza yake ikiwa ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu ya kwake imeganda, ya mwenzake bado uji uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Kafika Mkwawa wanasoma sheria ya Newton ya kupoa, akauliza tena, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba siyo ya dunia, na darasa zima likaanza kumtania kila akikosea swali.

Halafu akaja Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka Dar, kutoa mhadhara pale Iringa. Mpemba akasimama mbele ya wenzake wanaomcheka akauliza swali lilelile, maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kiasi sawa, friza moja, mbona ya moto yanaganda kwanza? Osborne hakumkatisha, alisema atakwenda kujaribu na kweli alijaribu, fundi wake wa maabara akarudi na jibu kwamba ya moto yametangulia, ila akaahidi ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 pepa ikatoka kwenye jarida Uingereza, ina majina ya wote wawili, profesa na mwanafunzi, na mimi hapo huwa nampenda Osborne sana. 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza kikatangaza shindano la kuelezea jambo hilo, ambalo sasa linaitwa kwa jina la Mpemba, majibu yakaja zaidi ya 22,000.

Na ubishi haujaisha, 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima upya wakasema hawauoni ushahidi kwamba ya moto yanatangulia kuganda. Waambie vijana na hilo, usiwafiche.

Mpemba mwenyewe alienda chuo cha wanyamapori Mweka, akafanya kazi ya serikali kwenye wanyamapori. Hakuwa na ving'ora, hakuwa na jimbo, lakini jina lake liko kwenye maabara za dunia nzima, ndo maana roho inaniuma tukiulizwa waliofanikiwa tunahesabu vyeo tu.

Mimi mwaka huu nimewafanyisha fomu thrii wangu jaribio hilo, friza ya mama muuza soda hapo stendi, vikombe viwili vya plastiki. Kundi moja ya moto yameganda kwanza, kundi la pili yamechelewa, na wamegombana mpaka kengele. Wafanyishe na wako kaka, uniandikie wamepata nini, na usisahau kuniambia vikombe ni vya bati au plastiki na vilikaa juu ya barafu au pakavu, maana hapo ndo majibu yanapopishana.

Msalimie shemeji na watoto.

Mwalimu mwenzio wa Iringa