Usilipie feni kwanza

Dodoma,
Jumapili jioni.

Ndugu yangu Baraka,

Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Tanga. Sisi tu wazima, na Mwalimu Yona anakusalimu. Habari za nyumbani zitafuata baadaye, kwa maana tangu nilipopokea hesabu zako za kikaushio cha zabibu cha wakulima wa Hombolo, hapa kwetu Dodoma, sijatulia, nami nakuomba sana usilipie feni kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho.

Umechukua densiti ya hewa kuwa kilo 1.2 kwa mita moja ya ujazo. Kwa Tanga, iliyo ufukweni, si vibaya. Lakini Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama kilopaskali 89, si 101.3 za usawa wa bahari zilizo kwenye jedwali. Gawanya paskali hizo 89,000 kwa 287, ambayo ndiyo namba ya gesi ya hewa, kisha kwa kelvini 303 (nyuzi 30 za mchana wetu ukijumlisha 273), utapata kilo 1.02 tu. Maana yake feni yako ya mita 2 za ujazo kwa sekunde haitasukuma kilo 2.4 ulizoandika, bali 2.04, nayo kilo hiyo ya hewa ndiyo inayobeba joto na kuyaondoa maji ya zabibu.

Kilojuli 1.005 za kupasha kilo moja ya hewa kwa nyuzi moja usiziguse, wala ile 287, kwa sababu mchanganyiko ni uleule huku na huko: nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, argoni karibu 1. Wengi hudhani kwamba mwinuko hupunguza asilimia ya oksijeni. Kinachopungua ni wingi wa molekuli zote kwa pamoja.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu mwaka juzi mimi mwenyewe nilikosea hivyohivyo, zabibu za Mama Ndahani zikaota ukungu kwenye trei za chini, na hadi leo naona uchungu nikipita kwake. Ukitaka kilo zako 2.4, tafuta feni ya mita 2.35 za ujazo. Kumbuka pia kwamba chati ya muuzaji kwa kawaida hutengenezwa kwa hewa ya kilo 1.2, kwa hiyo hata nguvu ya kusukuma hewa kupita kwenye trei itakuwa pungufu hapa kwetu.

Je, feni umeiweka kabla ya hita au baada yake? Ikiwa ni baada, pale kwenye nyuzi 60, densiti inashuka hadi 0.93, na hata mita 2.35 hazitatosha. Muuzaji amekwisha kupokea malipo ya awali? Anakubali kubadilisha? Na wewe utapanda lini huku, tukapime mtiririko wa hewa pamoja kabla ya mavuno?

Ni mimi nduguyo,
Elia