Waambieni wanafunzi mapema siri zao zinaishia wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwaseme kidogo wakuu wa vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa hadi Mbeya. Vyuo vikikaribia kufungua, stendi ya Igumbilo hujaa vijana wa mwaka wa kwanza wenye masanduku, magodoro na wazazi wenye wasiwasi. Wiki ya kwanza wanakusanywa ukumbini, wanaelezwa kwa kirefu habari za usajili, mkopo, bima, vitambulisho na mavazi. Kisha ofisa mmoja anasimama, anasema "ofisi ya ushauri nasaha ipo, msisite kuja," anakaa. Basi. Makofi.

Nimeifanya kazi hiyo ya ushauri nasaha mpaka nikastaafu, na najua matokeo ya maelezo ya namna hiyo. Kijana anayebisha hodi hajui anaingia kwenye nini. Mmoja anategemea mahubiri, mwingine anadhani nitampigia simu mtu wa bodi ya mikopo ili bumu lake, fedha za kujikimu, litoke. Wapo pia wanaoketi kwenye ukingo wa kiti, jicho mlangoni, kwa kuamini kwamba kila wanachosema kitafika kwa baba kabla ya jioni.

Kinachofanyika humo ndani ni cha kawaida kabisa. Siku ya kwanza mnasihi, yaani mshauri, anauliza kuliko anavyoshauri: unalala saa ngapi, unakula wapi, nyumbani kuna nani, unakunywa, una sapu (mitihani ya kurudia) ngapi. Huenda akakupa karatasi yenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Swali la mwisho linauliza kama umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ufe, au ujidhuru. Wengi wakifika hapo kalamu inasimama. Wajue kwamba swali hilo wanaulizwa wote, wala hawaulizwi kwa sababu sura zao zinatia shaka. Na kumuuliza mtu habari za kujiua hakumpandikizii wazo hilo kichwani, ingawa wahadhiri wengi wa heshima bado wanaamini hivyo.

Mazungumzo huwa ya kama saa moja, kwa kawaida hayalipiwi, na vikao huwa vichache kwa sababu mnasihi mmoja anaweza kuwa na wanafunzi maelfu wa kuwahudumia. Haandiki dawa, hiyo ni kazi ya daktari. Hakuamulii umwache mchumba, uhame kozi au uvunje hayo maisha ya sogea tukae, ya kuishi pamoja bila ndoa. Anayetoka siku ya kwanza akinung'unika kwamba hajaambiwa cha kufanya hajadhulumiwa. Kazi ndiyo kwanza imeanza.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mnasihi hatakiwi kupeleka maneno yako kwa mlezi wa wanafunzi, mhadhiri, mzazi wala mpenzi. Siri hiyo ina mipaka: ukionyesha kwamba uko karibu kujiua au kumdhuru mtu, ukieleza kwamba kuna mtoto anayeumizwa, au mahakama ikiagiza, atalazimika kumshirikisha mwingine, na mnasihi mzuri anakwambia wewe kwanza kabla hajashika simu. Mipaka hiyo yafaa isemwe kabla kijana hajafungua mdomo, tena iwe imeandikwa na kubandikwa ukutani. Lakini itasemwaje ikiwa mshauri huyohuyo ni ofisa wa ofisi ya mlezi wa wanafunzi na anakaa kwenye kamati ya nidhamu? Jumatatu umemweleza kwamba pombe ya ulanzi imekuzidi na hostelini umeanza kugombana na wenzako, Alhamisi unamkuta upande wa pili wa meza, mbele yake faili lenye jina lako. Hapo hata awe malaika hutamwamini tena, na wenzako watakaosikia hawatakanyaga.

Kuna chuo kimoja, sikitaji, ambako benchi la kumsubiri mnasihi ndilo hilohilo la wanaofuatilia mkopo na wanaosubiri kesi. Mlangoni kuna daftari: jina, namba ya usajili, saa ya kufika, na safu ya mwisho, "Sababu ya kuja." Anayefuata anasoma ya aliyetangulia. Pitia kurasa zake uone, karibu wote wameandika "mkopo." Wengine wala hawakuomba mkopo! Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu zimo kwenye zile zinazotakiwa kulindwa zaidi. Hiyo safu ya mwisho ingefutwa leo na bajeti isingetikisika hata shilingi.

Halafu kuna ule utani wetu. Nchi nzima inacheka kwamba Mhehe, mtu wa hapa kwetu Iringa, akikasirika anajinyonga, na sisi wenyewe tunauchekea kwenye misiba na vijiweni. Kijana aliyejifungia geto kule Kihesa, aliyedisko, yaani aliyeondolewa masomoni kwa kufeli, na hajui atawaambiaje nyumbani walikouza ng'ombe ili asome, anausikia utani huo kwa sikio jingine. Akisema ukweli anaonekana amethibitisha utani wa kabila lake. Zaidi ya hapo anaogopa polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mimi naona kifungu hicho kingefutwa. Lakini wakati bado kipo, vijana waambiwe kwa sauti kwamba kuwaza si kujaribu, na kumweleza mnasihi mawazo hayo si kosa kwa sheria yoyote.

Wanaogopa pia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Ukimwandikia kijana rufaa anauliza, "Mama, unanipeleka Dodoma?" Hapana, mwanangu. Hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Iringa, na ya kanda kule Mbeya, zote zinatoa huduma za afya ya akili. Wagonjwa walio wengi wanamwona daktari asubuhi na mchana wamerudi chuoni. Ukipewa dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, usitegemee nafuu kesho yake, huchukua wiki kadhaa, na wengi wanaziacha katikati kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo.

La mwisho ni la usiku. Ofisi nyingi hufungwa saa tisa na nusu alasiri, na shida hizi hazifuati saa za kazi. Chuo kisichoweza kuajiri mnasihi wa zamu ya usiku kiseme wazi wiki ya kwanza, ili mwanafunzi na wenzake wa chumbani wajue kwamba saa nane usiku pa kwenda ni hospitali. Mlinzi wa geti naye aelekezwe kumtafutia usafiri bila kumhoji anaumwa nini.

Mnasihi mstaafu,
Gangilonga, Iringa